Diski ya Kwanza Tu

Kibanda cha michezo ya PlayStation kilikuwa Ngamiani, Tanga, mabati juu, turubai mlangoni, ndani televisheni nne zimepangwa juu ya meza zilizokwisha kuchoka. Mwenye kibanda alikuwa na saa ya mezani yenye kuku anayedonoa, na daftari. Ukimlipa anaitazama saa, anaandika, halafu hakujui tena mpaka dakika zako ziishe. Zikiisha, pedi inatoka mkononi hata kama umebaki wewe na kipa.

Wote tulikuja kwa ajili ya mpira. Siku Coastal Union wanacheza Mkwakwani ndiyo siku pekee kibanda kilipwaya. Siku nyingine unasimama nyuma ya migongo ya wenzako mpaka miguu inakufa ganzi. Ila televisheni ya nne, ile ya pembeni, haikuwa na foleni. Pedi yake ilikuwa imekufa kitufe cha mraba, na kwenye Winning Eleven, ule mchezo wetu wa mpira, mraba ndiyo shuti. Utakokota mpira, utampiga chenga beki, utaingia kwenye boksi, kisha utabaki unazunguka mle ndani kama mtu aliyesahau alichotumwa dukani. Kwa hiyo pale palikuwa nusu bei, na kwa sababu ya mfuko wangu palikuwa pangu.

Kwenye boksi la diski nikaokota moja isiyo na picha, imeandikwa kwa wino mzito FF7, na chini yake namba 1. Nikaiweka. Zikaja nyota, kisha uso wa binti umemulikwa na mwanga wa kijani, ana kikapu cha maua mkononi. Picha ikapanda juu, juu zaidi, mpaka mji mzima ukaonekana kama sinia la chuma linalofuka moshi. Halafu ikashuka kwa kasi, na garimoshi likaingia stesheni pamoja na muziki, breki na ngoma vikifunga kwa mpigo mmoja. Nilikuwa darasa la tano. Sijawahi kuona kitu kinaanza namna ile, si kwenye filamu wala kwenye harusi.

Ulikuwa mchezo wa Final Fantasy VII, uliotoka mwaka 1997 ukiwa na diski tatu. Kibandani ilikuwepo ya kwanza tu, na sidhani kama mwenyewe alijua kwamba zipo nyingine. Hilo lingekuwa tatizo kama ningekuwa na tumaini la kuimaliza hiyo moja. Memori kadi ya PlayStation, ya kuhifadhia ulipofikia, ilikuwa na nafasi 15, na Final Fantasy ilitaka nafasi moja tu, moja, lakini zote zilikuwa za watu wa ligi, wakubwa wenye ndevu ambao ukigusa timu zao hurudi tena mtaa ule. Basi kila siku nilianza upya. Nashuka kwenye treni, naingia kwenye kinu cha umeme, napambana na lile dude lenye mkia wa nge, naanza kukimbia kabla bomu halijalipuka, na mara nyingi kuku wa saa alidonoa mwisho wangu nikiwa bado ngazini. Kile kinu nimekilipua mara nyingi kuliko nilivyoiona bahari ya Raskazone, nami ni mtoto wa Tanga.

Maneno ya kwenye kioo sikuyaelewa. Kiingereza changu kilikuwa cha "good morning teacher". Nilichoelewa ni muziki. Ukiwa wa kunyata, nanyata. Ukibadilika ghafla na besi ikaanza kukimbia, najua tumekutana na adui kabla hajaonekana. Ile nusu saa ya kwanza niliijua yote kwa sikio, noti kwa noti, na nyumbani niliipiga kwa vijiko juu ya sufuria mpaka mama akaniuliza kama nimeingiwa na kitu.

Miaka ikapita, kibanda kikawa duka la vocha, baadaye saluni.

Mwaka 2023, mwezi wa Februari, nilikuwa nimeshanunua Switch iliyotumika, mashine ya michezo ya Nintendo, na nikasikia kuna mchezo mpya unaitwa Theatrhythm Final Bar Line. Jina la kwanza ni theatre na rhythm zilizogongana zikashikamana, na mpaka leo nikilitamka ulimi unajikwaa. Ulitanguliwa na wenzake wa Nintendo 3DS, wa 2012 na wa 2014. Mchezo wenyewe hauna mji wa kuzunguka wala watu wa kuongea nao. Wamechukua muziki wa Final Fantasy zote, tangu ile ya kwanza ya 1987, na kazi yako ni kuupiga. Wimbo unaanza, alama zinatiririka kutoka kushoto kwenda kulia, na kila moja ikifika kwenye duara lake unabonyeza. Nyekundu unagusa mara moja. Ya kijani unashikilia mpaka mkia wake uishe. Ya njano ina mshale, unasukuma kijiti upande unaoelekezwa. Huku mashujaa wanne uliowachagua, wamechorwa vifupi vyenye vichwa vikubwa kama vikaragosi vya kwenye daftari la shule, wanapigana na madude. Ukipatia, wanapiga. Ukikosea, nguvu zinapungua, na zikiisha wimbo unakatika katikati. Hakuna aibu kama wimbo kukukatikia.

Kulikuwa na toleo la majaribio la bure, nyimbo 30. Nikalipakua usiku kwa bando la usiku. Na hapa naomba mtu yeyote aliyepigania nafasi kwenye memori kadi ya kibandani anielewe: ulichocheza kwenye la bure kinahamia kwenye la kulipia. Hakipotei. Niliposoma hilo nilihisi kama nimerudishiwa deni. Nikanunua kamili, nyimbo 385, na za ziada zinauzwa pembeni kwa bei ambayo sitaiandika kwa sababu mke wangu anasoma blogu hii.

Nikaanza na mlango wa VII, bila shaka. Treni ikaingia stesheni. Nikajiona tena na viatu vya shule. Na nikashindwa.

Nilishindwa vibaya. Wimbo ninaoujua kuliko wimbo wa taifa, nikawa nabonyeza, mchezo unaniandikia "Bad", nabonyeza, "Miss". Nikashusha ugumu mpaka ule wa chini kabisa, wa wanaoanza, na bado mikono ilikuwa kama ya mtu mwingine. Nikasema basi, umri. Vidole vimeota kutu. Wiki nzima nilicheza hivyo, kwa hasira, na sauti nimeifungua mpaka vioo vya dirisha vinaimba, maana nilikuwa nimeiunganisha televisheni na sabufa kwa Bluetooth, sabufa kubwa yenye taa, fahari ya sebule.

Mjomba wangu anakaa nasi. Mjomba alipiga dumbaki miaka mingi kwenye kikundi cha taarabu cha maharusini, cha mtaani tu, si chenye jina. Tanga hii iliwahi kuwa na Black Star na Lucky Star, waliochukua taarabu wakaitia magitaa na besi mpaka ikawa na mwendo wake mbali na ule wa Unguja wenye fidla nyingi, na watu wa rika la mjomba bado wanaongea kana kwamba mlango wa klabu uko wazi jioni hii. Siku hizi magoti hayampi ruhusa, anakaa barazani na kahawa yake, anasalimiana na wapitao. Jioni moja akaniita.

"Mjomba."

"Naam, mjomba."

"Huyo anayegonga vitufe na huyo anayepiga muziki hawako chumba kimoja."

Nikadhani ananitania. Akaniambia nikae, nisiangalie kioo, nipige mguu mmoja kufuata muziki. Nikapiga. Akaniambia sasa niangalie kioo bila kusikiliza, nipige kufuata vile viduara. Nikapiga. Akacheka mpaka kahawa ikamwagika. "Umeona? Wawili hao. Mmoja anatembea mbele, mwenzake anamkimbilia nyuma. Hiyo sauti inatoka wapi?"

Ilikuwa inatoka mbali. Sauti ya Bluetooth haiendi moja kwa moja kama ya waya. Inasagwa kwanza iwe ndogo, inafungwa vifurushi, inarushwa hewani, na sabufa inavikusanya kidogo kabla ya kuvifungua ili isikatikekatike. Safari hiyo yote inaweza kula sehemu mbili za kumi za sekunde. Ukitazama filamu televisheni inajitahidi kuificha, ukisikiliza redio hujali. Lakini chukua wimbo wa mapigo 150 kwa dakika: kila pigo lina sehemu nne za kumi za sekunde basi. Sauti ikichelewa mbili, iko nusu ya pigo nyuma, yaani mahali pabaya kuliko pote, katikati hasa, pale ambapo sikio linavuta huku na jicho linavuta kule. Na mimi, kwa kuwa nilijifunza muziki ule kwa sikio, nilikuwa namfuata aliyechelewa.

Mchezo una mahali pa kurekebisha hilo, unausogeza mpigo mbele au nyuma mpaka ulingane na vifaa vyako. Nikamweleza mjomba. Akakataa kama aliyeambiwa pilau bila bizari. "Usimfunze mpigaji kuwahi. Msogezee ngoma." Nikaenda nikanunua waya, nikaichomeka sabufa kwenye televisheni. Treni ikaingia stesheni, nikabonyeza, ikaniandikia "Critical", na nyingine, na nyingine, mpaka nikaanza kucheka peke yangu kama mwehu.

Tangu hapo mjomba akawa mtu wa sebuleni. Nilimpa pedi. Kuna namna ya kucheza kwa kitufe kimoja tu, ikamfaa. Alishika pedi kwa mkono wa kushoto akaipiga kwa vidole viwili vya kulia, kama ngozi. Mkono mzuri, laini, na mchezo ukawa unamwandikia "Good". Si mbaya, ila si "Critical". Nikamwambia unachelewa kidogo, mjomba. Akaniangalia. "Sichelewi. Namsubiri bibi harusi atoe mguu." Wimbo uliofuata akachelewa vilevile, kiasi kilekile, kama aliyepimiwa kwa uzi. Ndipo nikaelewa kwamba kuchelewa kule ni ufundi, na kwamba mashine haina namna ya kujua. Yenyewe ina rula. Iko karibu na mstari, au iko mbali na mstari. Kwamba kuna watu ukumbini, kwamba kungwi amenyanyua leso, haioni. Kwa mjomba hilo ni kasoro ya mchezo na amelisema mara nyingi. Mimi nakubaliana naye nusu tu, maana mimi bila rula ile nisingejua kabisa kama nachelewa kwa ufundi au kwa uzembe.

Kitu kingine kilichomshangaza ni kwamba nyimbo nyingi hazina maneno. Kwetu wimbo ni maneno, mengine ni usafiri. Watu wanatoka kwao kwenda kusikiliza mafumbo, na noti ya kutunza inatolewa kwa ubeti uliomlenga jirani. Akawa anauliza: "Huyu anamsema nani?" Hamsemi mtu, mjomba. "Basi watu wanajuaje kulia?"

Swali hilo nimekaa nalo sana. Jibu la wenye mchezo ni rahisi: watu wanalia kwa sababu walikuwepo. Mtu alicheza saa 40 au 60, akampenda mhusika, akamzika, na sasa noti tatu zikilia anarudi palepale. Mchezo mzima umejengwa juu ya kumbukumbu hiyo. Kuna nyimbo ambazo nyuma ya alama wanakuonyesha vipande vya mchezo wenyewe wa zamani, kusudi ukumbuke vizuri. Unaalikwa kwenye arobaini ya mtu uliyemjua.

Mimi sikuwajua. Nilijua nusu saa ya mmoja wao. Nyimbo zote hizi mamia, za sita, za tisa, za kumi, nilizipiga kama mtu aliyeingia kwenye shughuli isiyo yake, anaitikia dua za marehemu asiyemjua. Nikategemea nichoshwe. Haikuwa hivyo. Nobuo Uematsu, aliyetunga karibu muziki wote wa michezo ya mwanzo, alizaliwa Kochi huko Japani mwaka 1959 na piano alijifundisha mwenyewe, na kazi yake ya kwanza kwenye mfululizo huu aliifanya kwa mashine ya michezo ya Famicom, iliyokuwa na njia tatu tu za kutoa noti na nyingine ya kelele kama mchanga kwenye debe. Sauti tatu. Huna pa kuficha. Ndiyo maana ule wimbo wa mwanzo kabisa ni noti zinazopanda ngazi moja moja na kushuka moja moja: huwezi kubonyeza sauti nyingi kwa pamoja, basi unazimwaga zikifuatana kwa kasi na sikio linazikusanya lenyewe. Mpiga kanuni yeyote, ile ala ya nyuzi ya taarabu, anaujua ujanja huo. Muziki uliozaliwa kwenye njaa ya namna hiyo unabeba uzito wake wenyewe. Baadaye vyombo viliongezeka, ikaja hata kwaya ya Kilatini kwenye pambano la mwisho la VII, mimi bado nikisikiliza natafuta zile sauti tatu.

Tena hili la kuwahi wimbo na kuchelewa hadithi si geni kwa mtoto wa pwani. Nilikuwa na miaka sita nikiimba taarabu za samaki na za embe bivu, nikicheza mbele ya wageni, nao wanacheka na kuzibana midomo kwa kanga. Nilipofika miaka 25, nikiwa kwenye daladala ya Makorora, wimbo mmoja ukapigwa redioni, na katikati ya kituo na kituo nikagundua yule samaki si samaki. Nikaona aibu ya miaka 19 nyuma, yote kwa mpigo. Lakini wimbo nilikuwa nao siku zote hizo. Ulikaa ndani ukisubiri.

Nikirudi kwenye malalamiko, ninayo. Kila ukimaliza wimbo mchezo unakumwagia zawadi: kadi, vyeo, vikorokoro vya kufungua vikorokoro, na kila kimoja kinataka kitufe. Mjomba huwa anatoka kuswali akirudi bado nabonyeza kadi. Ugumu wa juu kabisa unaoitwa Supreme ni wa watu wenye mikono minne, nimeujaribu na sitaki kuuzungumzia. Na lile ndege lao la njano, Chocobo, limepewa nyimbo za kila mtindo, mambo, samba, techno, mpaka unaanza kulionea huruma. Ingawa moja ya VII, ya mapigo matano matano, nilimchezea mjomba kwenye simu. Akahesabu kwenye paja. Akahesabu tena. "Huyu ndege ana mguu mmoja mfupi," akasema, na akaendelea kuhesabu mpaka adhana.

Mwezi uliopita nikafanya nilichokuwa nakikwepa. VII yenyewe ya zamani inauzwa kwenye Switch tangu 2019, bila diski, bila kadi, unahifadhi mahali popote penye ruhusa na hakuna mwenye ndevu wa kukukataza. Nikainunua. Nikashuka kwenye treni. Nikakilipua kinu, na kwa mara ya kwanza maishani nikayasoma maneno yote, nikajua kwa nini tulikuwa tunakilipua. Nikavuka nusu saa ile. Nikaenda mbele usiku baada ya usiku, mjomba pembeni, anauliza nani ni nani, na kila sehemu mpya tuliyoingia ilikuwa na wimbo ambao vidole vyangu tayari viliujua. Mjini, mlimani, kwenye bonde la moto usiozimika. Mjomba alikuwa anautangulia kwa mluzi.

Yule binti wa kikapu cha maua anaitwa Aerith, na anakufa mwishoni mwa diski ya kwanza. Mchezo wa 1997, siwaombi radhi. Nilikuwa nimelisikia hilo miaka mingi, haliwezi kufichwa. Wimbo wake nimeupiga kwenye Final Bar Line labda mara mia: mpole, wa piano, maduara ya kijani marefu ya kushikilia. Nilidhani niko tayari.

Ambacho sikujua ni kwamba akishaanguka, linakuja pambano papo hapo, na muziki haubadiliki. Tangu darasa la tano sikio langu linajua sheria moja: adui akija, besi inakimbia. Safari hii besi haikukimbia. Lile dude limesimama, mashujaa wamepanga mstari, wananisubiri nichague, na kinachopigwa bado ni wimbo wa binti, taratibu, kama hakuna aliyeuambia.

"Huu si ule wetu?" mjomba akauliza.

Ndio huo. Na vidole vyangu vikaanza kuupiga. Vilikuwa vinashikilia kitufe pale pa kushikilia na kukiachia pale pa kuachia, wakati kioo kinataka nichague kushambulia au kutibu. Lile dude lilitupiga mara ya kwanza, likatupiga mara ya pili. Mjomba alikuwa ameweka mkono pajani, anapiga polepole, nyuma kidogo ya mstari.